Inchi Nne za Benchi la Saba

Fundi huyu alikuwa mwongo siku sita za wiki. Simsingizii. Mwenyewe alijua, wateja wake walijua, na cherehani yake ingekuwa na mdomo ingeongeza ya kwake. "Njoo Ijumaa," anakwambia, na Ijumaa ukienda unakuta kitambaa chako kimekunjwa vile vile ulivyokileta, juu kimewekewa pasi. "Nilikuwa nasubiri zipu." Ukirudi Jumanne zipu imepatikana, ila umeme umekatika. Cherehani ni ya kukanyaga kwa mguu, lakini umeme umekatika. Unabaki kumtazama tu, utamfanya nini.

Jumapili sasa, alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa mkuu wa wahudumu wa mlangoni katika kanisa lililo nyuma ya soko, mwaka wa kumi na nne huo. Anavaa koti la kijivu, na mkononi anafunga kitambaa chekundu kilichodariziwa neno MLANGO kwa uzi wa dhahabu, kazi ya mikono yake mwenyewe, aliyoimaliza kwa siku moja. Watu wale wale waliomtukana Jumamosi kwa sababu ya sketi, Jumapili anawanyooshea kidole kimoja nao wanakwenda. "Mama, pale, benchi la nne." Mama anakwenda. "Mzee wangu, sogea kidogo, Mungu akubariki." Mzee anasogea. Mkewe, Mama Pacha, alizoea kusema kwamba mume wake haendi kanisani kusali, anakwenda kutiiwa. Fundi hakubisha. Duniani pote hapakuwa na mahali pengine ambapo neno lake lilifuatwa mara ya kwanza, na mlango ule aliupenda kuliko alivyothubutu kukiri.

Matatizo yalianza kanisa lilipopata mchungaji anayejua kuhubiri. Yule wa zamani, apumzike anakopumzika, alikuwa na sauti ya kumlaza mtoto mwenye homa. Wakati wake ukitaka kujinyoosha kwenye benchi unajinyoosha, nafasi tele. Huyu mpya alipoingia, habari zikatembea, na ukumbi uliojengwa kwa watu mia tatu na hamsini ukaanza kuletewa mia nne na kitu. Wakagawa ibada mbili, ya saa moja na ya saa nne. Wazo zuri sana kwenye karatasi. Kwaya ya ibada ya pili ilikuwa tamu kuliko ya kwanza, kwa hiyo watu wa kwanza wakishapewa baraka ya mwisho hawainuki. Mmoja anafunga kamba ya kiatu robo saa nzima. Mwingine amepiga magoti anaomba, na nani atamgusa mtu anayeomba? Bibi mmoja alikuwa anajifanya amelala, na nadhani mara nyingine alilala kweli. Huko nje wa ibada ya pili wamejaa uani, jua linawachoma, watoto wanalia, mlango unasukumwa kutoka pande zote mbili, na Fundi yupo katikati kama kifungo kwenye shati linalobana.

Hapo ndipo Katibu alipopata pa kuingilia. Katibu wa kanisa alikuwa mtunza bohari mstaafu, mtu wa mihuri na fomu, na tangu astaafu alikuwa hajapata kitu cha kuhesabu. Akapeleka pendekezo kwenye baraza la wazee: ziletwe kamba, zitengenezwe kadi za namba, na mtu mmoja apewe filimbi. Hakusema mtu huyo awe nani. Alikwishainunua filimbi.

"Hapa ni nyumba ya ibada, si kiwanja cha mpira," Fundi alisema.

"Kiwanjani angalau watu wanajua wakae wapi," Katibu akajibu.

Wazee wakaamua kwa upole, kama wazee wafanyavyo wanapokaribia kukunyang'anya kitu. Baada ya Jumapili tatu askofu angekuja kuona kama kanisa linastahili kujengewa ukumbi mkubwa. Siku hiyo ibada ingekuwa moja tu, ya wote. Kama Fundi angewakalisha watu wote bila vurugu, mlango ungebaki wake. Kama vurugu itatokea mbele ya askofu, basi, ndugu yetu, umetumika sana, kitambaa chekundu apewe Katibu.

Wiki ile hakuna sketi iliyoshonwa. Fundi alikaa dukani akilitazama daftari lake la vipimo, lile kubwa lenye jalada gumu, akawa analifungua na kulifunga bila sababu. Mara akasimama. Watu wanapopanga ukumbi wanahesabu vichwa, na kichwa hakikai kwenye benchi. Kinachokaa kwenye benchi ni nyonga, na nyonga za nusu ya kanisa zilikuwa mikononi mwake.

Akapiga hesabu kama fundi. Chukua nyonga za mtu, gawanya kwa tatu, ongeza inchi mbili za koti na za kupumulia. Hiyo ndiyo nafasi ya mtu. Mwenye nyonga inchi arobaini na tano anadai kumi na saba za ubao. Benchi lina futi kumi, yaani inchi mia na ishirini. Wahudumu siku zote walikuwa wanaweka watu sita sita, ovyo ovyo, wanene na wanene kwa sababu ni marafiki, wembamba na wembamba kwa sababu ni wanakwaya. Ukiwachanganya kwa akili, mnene mmoja kati ya wembamba wawili, wanaingia saba, na kwenye mabenchi mengine wanane. Akaandika benchi moja moja, jina na inchi zake, kwenye kurasa za nyuma za daftari lile lile. Wasio wateja wake aliwakadiria kwa jicho, na jicho la fundi halikosei hata nusu inchi.

Kosa lilikuwa hapo, nawaambieni mapema. Mafundi wana mwiko mmoja tu wanaouheshimu, maana wa kusema kweli waliuacha zamani: inchi za mtu hazitoki dukani. Fundi alijiambia kwamba daftari halitoki, linahamia tu kanisani mara moja kwa wiki, kwenye droo ya meza ya mlangoni. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Jumapili ya kwanza ikawa maajabu. Benchi la kwanza watu saba, la pili wanane, la tatu saba, watu wamekaa wamenyooka, hakuna wa kumkanyaga mwenzake. Mchungaji akiwa mimbarani akamtupia jicho la shukrani. Fundi akawa anatembea katikati ya ukumbi taratibu, mikono nyuma, mpaka alipofika benchi la saba. Pale mwisho, upande wa njia, Katibu alikuwa amekaa nusu. Tako moja liko kwenye benchi, la pili liko kwenye hewa, na mguu ameukaza sakafuni kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe.

"Umefanya makusudi," Katibu alimnong'oneza.

Hakufanya makusudi, kweli tupu. Katibu mwenyewe ndiye aliyelichagua benchi la saba kwa sababu linaona mlango vizuri, na Fundi alimpangia inchi zake kumi na sita kwa haki, kama adui anavyostahili. Mwanzoni mwa benchi hilo, ukutani, ndipo alipokaa Mama Pacha miaka yote. Katikati walikuwa watu watano ambao Fundi alikuwa amewapima mwenyewe mwaka huo huo. Hesabu ilisema inchi mia na kumi na tisa. Benchi lilisema hapana.

Jumapili ya pili akambadilisha kijana mmoja akaweka mwembamba zaidi. Katibu akaning'inia vile vile, pungufu kidogo. Jumatano Fundi akaenda na tepu yake, akapiga magoti kanisani peke yake na kulipima benchi juu, chini na ubavuni. Futi kumi kamili. Mama Pacha, aliyekuwa zamu ya kufagia siku hiyo, alisimama na ufagio wake akamtazama mpaka akachoka.

"Baba Pacha, unalishonea benchi suruali?"

"Kuna mtu hapa ananila inchi nne."

"Nani huyo?"

"Ndiye namtafuta."

Mama Pacha akaendelea kufagia. Kama alikuwa na la kusema, alilifagia pamoja na vumbi.

Siku ya askofu ikafika. Saa tatu uani palikuwa pamejaa hadi getini. Fundi akafungua droo, akatazama daftari, akarudisha, akaanza kazi. Nikwambie ukweli, hata wabaya wake walikiri: alikuwa anapanga watu kama anayepanga vipande vya nguo kabla ya kukata. Hakupaza sauti. Kidole hapa, kidole pale, mama pole, dada mkono wa kulia, wageni wangu karibuni. Saa nne kasoro watu mia nne na thelathini walikuwa wamekaa, ukumbi kimya, na askofu aliyekuwa amesikia habari za vurugu akamwinamia mchungaji akamwuliza jambo, mchungaji akaonyesha kwa kidevu kule mlangoni. Fundi aliona. Kifua kilimjaa mpaka koti likaomba msaada. Mlango ni wangu, alijisemea, mpaka kaburini.

Askofu akasimama kuomba. Ukumbi mzima ukafumba macho. Katikati ya maombi, Mama Pacha akaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta leso. Alisogea kidogo tu, ila lile benchi halikuwa na cha kidogo. Msukumo ukatoka ukutani, ukapita kwa watu watano, kila mmoja akimpa mwenzake, ukamfikia Katibu kule mwisho ambako hapakuwa na mtu wa kumpa. Kishindo kilisikika mpaka nje. Askofu alikuwa amefika kwenye maneno "uwainue walioanguka." Watoto ndio walioanza kucheka. Baadaye kwaya, watu ambao tunawategemea.

Ibada ilimalizika vizuri, maana kicheko hakijawahi kuvunja kanisa. Lakini Katibu alikuwa ameumia pale asipoweza kumwonyesha mtu. Watu walipotoka uani, yeye akaenda moja kwa moja kwenye meza ya mlangoni, akavuta droo, akatoka amelinyanyua daftari juu ya kichwa.

"Waumini, njooni mjionee. Huyu bwana ana mpango wa siri. Kila mtu ameandikiwa namba. Wengine tumeandikiwa namba za kuangushwa."

Fundi alikuwa anamsindikiza askofu ofisini. Alipogeuka na kuona jalada lile, alimwacha askofu kwenye mlango wa ofisi, akarudi uani.

Katibu akavaa miwani. Maskini, alikuwa mtu wa bohari. Kwake namba ni namba. "Benchi la kwanza," akasoma kwa sauti ya kusomea orodha ya mali. "Mama Mwenyekiti, hamsini na nne."

Mama Mwenyekiti, kiongozi wa akina mama, mwanamke ambaye hata mchungaji alimwomba ruhusa ya kusafiri, akauliza polepole, "Hamsini na nne nini?"

"Haikuandikwa. Nadhani ni namba ya kiti. Kiongozi wa Kwaya, hamsini na moja. Mke wa Mchungaji, arobaini na tisa na nusu."

"Na nusu," mtu alirudia nyuma huko.

Kila mwanamke aliyewahi kushonesha gauni alikwisha kuelewa. Wanaume walikuwa bado wanatazamana. Katibu, kwa kuona watu wamekaa kimya hivyo, alidhani wamemwunga mkono, akapandisha sauti. Akasoma benchi la pili. Akasoma la tatu. Mama mmoja aliposikia jina lake likikaribia aliondoka akajificha nyuma ya tangi la maji, lakini namba yake ilimfuata huko huko.

Mama Mwenyekiti hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Fundi," alisema, "kesho asubuhi napita kuchukua kitambaa changu."

"Na mimi changu," akasema Kiongozi wa Kwaya. "Na zile sare arobaini za kwaya, kama umekata, utupe vipande vyetu hivyo hivyo."

"Na mlango," Mama Mwenyekiti akamgeukia mchungaji, "uchague leo. Huyu akisimama pale Jumapili ijayo, sisi tutasalia nyumbani."

Mchungaji alitazama dirisha la ofisi. Lilikuwa wazi, na ndani askofu alikuwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakukipeleka mdomoni. Fundi alikuwa anakifungua kile kitambaa chekundu mkononi, fundo limekaza. Miaka kumi na minne ilikuwa inamtoka hivi hivi, mbele za watu, na kosa ni lake. Alitamani ardhi ipasuke.

Katibu naye alikuwa bado anasoma. Mtunza bohari haachi orodha katikati. "Benchi la saba. Mama Pacha, thelathini na sita."

Macho yote yakamgeukia Mama Pacha, yakamshuka kutoka juu mpaka chini, yakarudi juu. Mama Pacha alikuwa mwanamke wa haja, mwenye mwili wake, na gauni la thelathini na sita lisingempita hata mapajani. Mtu mmoja akakohoa. Yeye akapita katikati ya watu, akamnyang'anya Katibu daftari, akafungua kurasa za mbele mpaka ukurasa wa kwanza kabisa, ambapo jina lake ndilo lililotangulia. Akasoma. Halafu akafunga.

"Mama Mwenyekiti," alisema, "hiyo hamsini na nne yako ni ya lini?"

"Ya mwezi wa tatu. Alinipima kwa ajili ya lile gauni la kijani."

"Na wewe, Kiongozi wa Kwaya?"

"Juzi tu."

"Mimi hii thelathini na sita ni ya gauni la harusi. Nimemzalia mapacha, mapacha wamekwenda chuo, bado ni thelathini na sita. Hili nililovaa nimelinunua sokoni, na la Jumapili iliyopita, na la kabla yake. Mke wa fundi." Aligonga jalada la daftari kwa kidole. "Nyinyi mmekasirika kwa sababu anawajua. Mimi hanijui, na nalala naye kitanda kimoja."

Wengine walikuwa wamekwisha kuanza kucheka, wakaacha. Fundi alisimama pale na kitambaa chake, na ndani ya kichwa chake hesabu ilijifanya yenyewe, hakuiomba: thelathini na sita kwa tatu, na mbili, kumi na nne, arobaini na nane ambayo jicho lake lilimwona nayo sasa, kwa tatu, na mbili, kumi na nane. Inchi nne. Aliona aibu hata kwa kuzijua.

Mama Mwenyekiti alimtazama Mama Pacha, kisha akamtazama Fundi, na hasira aliyokuwa nayo ikabadilika ikawa ya aina nyingine, mbaya zaidi. "Sikiliza wewe," alisema. "Vitambaa vyetu utabaki navyo. Mlango utabaki nao pia. Lakini Jumapili ijayo huyu aingie pale amevaa gauni ulilomshonea kwa mikono yako. Asipovaa, mlango ni wa Katibu. Na usije hapa na habari za zipu."

Mchungaji akasema amina kabla hajaulizwa. Ofisini kikombe kikasikika kikigusa kisahani.

Fundi alirudi nyumbani karibu anakimbia. Ameokoka, mlango umeokoka, kitambaa chekundu kiko mkononi. Njiani alikwisha kukata gauni kichwani: mikono mifupi, kiuno kilichobana kidogo, zile mita nne za bluu zilizobaki kwa mteja aliyehama mji. Akamkuta Mama Pacha jikoni anakata vitunguu, hajavua hata viatu vya kanisani. Fundi akavuta tepu kutoka mfukoni.

"Inua mikono, mke wangu."

Mama Pacha hakuinua. "Unanipima kwa ajili yangu," alisema, "au kwa ajili ya mlango?"

Siku sita za wiki angekuwa na jibu. Lakini ilikuwa Jumapili, na mwanamke aliyesimama mbele yake ndiye aliyemwokoa mchana ule mbele ya kanisa zima, na uongo ulikuja mpaka kwenye ulimi ukagoma kutoka. Tepu ilikuwa inaning'inia. Mama Pacha akarudi kwenye vitunguu vyake.

Fundi akatoka. Katibu alikuwa anakaa mtaa wa tatu, kwenye nyumba yenye geti la bati, na alipofungua geti alikuwa ameegemea upande mmoja, upande mwingine bado unauma. Fundi akafungua fundo la kitambaa chekundu, akakikunja mara mbili, akamkabidhi. Katibu aligeuza kitambaa huku na huku, akatafuta mahali pa kusaini.

"Hakuna fomu," Fundi alisema. "Ukipanga, usiwaweke marafiki pamoja. Na bibi anayelala, mwache, anachoka."

"Kwa nini unanipa? Si umeshinda?"

"Nimeshinda, ndiyo." Akalivuta geti nyuma yake, akaondoka.

Alirudi taratibu. Jikoni vitunguu vilikuwa vimekwisha kukatwa, Mama Pacha alikuwa amekaa kwenye kigoda, kisu bado mkononi, na jicho lake likaenda kwenye mkono wa mumewe kilipokuwa kitambaa miaka yote. Alielewa, maana hakuwahi kuwa mzito wa kuelewa.

"Umempa?"

"Nimempa."

Fundi akachukua tepu tena.

"Sasa gauni halina kazi tena," Mama Pacha alisema. "Hakuna atakayekudai. Unapima nini?"

"Nataka kujua," Fundi alisema.

Mama Pacha akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akasimama, akainua mikono.